Charles wa Tano: Mfalme Aliyevua Taji Akiwa Hai

Maandiko ya kusoma nyumbani: Hesabu 27:12-23, 1 Samweli 12:1-5, Mhubiri 2:18-21



Hapa kanisani kwetu ukiita Charles baada ya ibada, vichwa kadhaa vitageuka. Ulaya nako jina hilo limezunguka kwenye viti vya enzi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Charles Mkuu alivishwa taji la kaisari mjini Roma siku ya Krismasi ya mwaka 800. Charles wa Kwanza wa Uingereza alikatwa kichwa mbele ya watu wake mwaka 1649. Charles wa Kumi na Mbili wa Uswidi alipigwa risasi vitani mwaka 1718. Charles wa Kumi wa Ufaransa alitimuliwa na mapinduzi mwaka 1830. Na huyu wa sasa wa Uingereza, Charles wa Tatu, alikuja hapa Kenya mwaka 2023, wengi wetu tukamwona kwenye televisheni.

Wengi katika orodha hiyo, kiti kiliwatoka kwa kifo ama kwa nguvu. Lakini kuna mmoja, mkubwa kuliko karibu wote, ambaye alisimama mbele ya watu, akavua taji mwenyewe, akampa mtoto wake, akaenda zake. Huyo ni Charles wa Tano. Ndiye ninayetaka tumwangalie wiki hii, kwa sababu jambo la kuachia linatusumbua sana: nyumbani, kwenye kamati, na hata madhabahuni. Nitamsimulia kwa sehemu tatu: jinsi alivyopokea, jinsi alivyoshika, na jinsi alivyoachia.

1. Jinsi alivyopokea

Alizaliwa tarehe 24 Februari 1500 mjini Ghent, katika nchi tunayoiita leo Ubelgiji. Alipewa jina la babu ya baba yake, Charles wa Burgundy, mtu wa vita aliyeuawa vitani mwaka 1477 akitafuta nchi zaidi ya zile alizokuwa nazo.

Mtoto huyu hakupigania urithi wake. Ulimjia tu. Upande wa baba kulikuwa na Austria na Nchi za Chini, yaani Ubelgiji na Uholanzi za leo. Upande wa mama kulikuwa na Hispania, na Hispania ilikuwa imeshika Napoli, Sisilia na nchi mpya za Amerika. Baba yake alikufa mwaka 1506, Charles akiwa na miaka sita, akalelewa na shangazi yake, Margaret. Mwaka 1516 babu yake wa Hispania naye akafa. Kijana wa miaka 16 akawa mfalme.

Lakini hebu ngoja. Mama yake alikuwa bado hai. Aliitwa Juana, na kwa haki yeye ndiye aliyekuwa malkia wa Castile. Watu wa nyumba yake walisema akili zake si nzuri. Baba yake mzazi akamfungia katika mji wa Tordesillas tangu mwaka 1509. Charles alipokuja kupokea ufalme, alimkuta mama yake humo, na akamwacha humo. Hati za serikali zilitolewa kwa majina mawili, la mama na la mwana, huku mama akiwa nyuma ya mlango uliofungwa. Alifia humo humo mwezi wa Aprili 1555, baada ya miaka 46 hivi. Taji la Charles lilianza hivyo, na mimi siwezi kulisimulia nikaruka hapo.

Alipofika Hispania mwaka 1517 hakujua lugha ya watu wake. Alikuja na washauri wa kwao, wakajigawia vyeo. Kijana mmoja, mpwa wa mshauri wake mkuu, akapewa uaskofu mkuu wa Toledo, kiti kikubwa kuliko vyote katika kanisa la nchi ile. Si ajabu kwamba mwaka 1520 miji ya Castile iliinuka kumpinga. Na kuna jambo lingine la mwanzo wake ambalo sisi Waafrika hatuwezi kulipita kimya. Mwaka 1518 alitoa kibali kwa mmoja wa watu wake wa karibu kupeleka Waafrika 4,000 moja kwa moja Amerika wakawe watumwa. Alikuwa na miaka 18. Sahihi moja tu ya kijana, na mlango ukapanuka.

Mwaka 1519 babu yake wa Austria akafa, kiti cha kaisari wa Ujerumani kikawa wazi. Hicho hakikuwa cha kurithi. Kulikuwa na wakuu saba wenye kura, na Francis wa Kwanza wa Ufaransa naye alikitaka. Kura zikanunuliwa. Upande wa Charles ulimwaga sarafu za dhahabu zipatazo 850,000, na zaidi ya nusu ilikuwa mkopo wa tajiri mmoja wa Augsburg, Jakob Fugger. Charles akashinda. Miaka michache baadaye Fugger alimwandikia barua kumkumbusha kwamba bila fedha zake asingelipata taji lile, na kwamba alikuwa anangoja kulipwa. Kumbe hongo haikuanza na sisi. Na anayenunua kiti humtumikia aliyemkopesha.

Ndiyo maana mtu huyu ana namba mbili. Wahispania humhesabu Charles wa Kwanza, kwa sababu kwao hakukuwa na mwingine kabla yake. Kwa hesabu ya makaisari yeye ni wa Tano.

2. Jinsi alivyoshika

Charles hakuwa mvivu, na kwa kipimo cha wafalme wa siku zake hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Alisali, alienda misa, na alimpenda mke wake, Isabella wa Ureno, aliyemwoa mwaka 1526. Isabella alipofariki mwaka 1539 baada ya uzazi, Charles hakuoa tena. Alivaa nguo nyeusi karibu maisha yake yote yaliyobaki.

Shida yake ilikuwa kwamba aliamini Mungu amempa kazi ya kuweka Wakristo wote wa Ulaya chini ya kanisa moja na mkono mmoja. Mwezi wa Aprili 1521, katika mji wa Worms, aliletewa mtawa mmoja wa Ujerumani, Martin Luther. Luther aliulizwa kama ataikana mikono yake mwenyewe, yaani vitabu alivyoandika. Akasema dhamiri yake imefungwa na Neno la Mungu, hawezi. Charles alikuwa na miaka 21. Kesho yake akatoa jibu aliloandika mwenyewe: kwamba mtawa mmoja hawezi kuwa sahihi dhidi ya Wakristo wa miaka elfu moja, na kwamba yeye ataweka falme zake, mwili wake na roho yake katika kazi ya kulizima jambo hili.

Hapo nampa haki yake. Alikuwa amemwahidi Luther usalama wa kuja na kurudi, na hakuivunja ahadi hiyo, hata kama wengine wangefurahi aivunje. Lakini baadaye alimtangaza kuwa mtu asiye na ulinzi wa sheria. Luther akafichwa kwenye ngome ya Wartburg, na humo akatafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Likatoka mwaka 1522. Kaisari alikuwa na majeshi, lakini watu wa kawaida wakaanza kusoma Injili kwa lugha ya mama zao. Ndugu yangu, ile Biblia ya Kiswahili unayokuja nayo Jumapili ni tunda la mti huo huo.

Vita vyake sitavimaliza hapa, ni vingi. Mwaka 1525, siku ile ile alipotimiza miaka 25, majeshi yake yalimkamata mfalme wa Ufaransa huko Pavia. Mwaka 1527 askari wake, ambao hawakuwa wamelipwa mishahara, waliingia Roma wakaiba na kuua, mji wa Papa ukaangamizwa na jeshi la kaisari Mkatoliki. Mwaka 1535 aliuteka mji wa Tunis. Mwaka 1541 alijaribu Algiers, dhoruba ikavunja meli zake. Fedha na dhahabu za Amerika zilikuwa zinaingia, na bado madeni yaliongezeka, kwa sababu kila vita vililipwa kwa mkopo wa kesho.

Tarehe 24 Aprili 1547 aliwapiga wakuu wa Kiprotestanti huko Mühlberg. Luther alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Mchoraji Titian akamchora Charles juu ya farasi, amevaa chuma, mkuki mkononi, kama mtu aliyemaliza kazi. Ungedhani ameshinda. Miaka mitano tu baadaye, mwaka 1552, mkuu mmoja aliyekuwa upande wake, Maurice wa Saxony, alimgeuka. Charles alikuwa Innsbruck, mgonjwa wa jongo, ule ugonjwa wa viungo unaofanya mguu uvimbe hata shuka ikiugusa unalia. Akatoroka kwa kubebwa kwenye machela, akivuka milima. Mwenye falme nyingi kuliko mtu yeyote wa Ulaya alikimbia kama mkimbizi.

Mwezi wa Septemba 1555, huko Augsburg, ikakubaliwa kwamba kila mtawala wa Ujerumani achague kati ya Ukatoliki na imani ya Luther. Charles hakutaka kuwa mezani. Alimwachia ndugu yake, Ferdinand. Kile alichoapa kukizima akiwa na miaka 21 kilikuwa sasa ni sheria.

3. Jinsi alivyoachia

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Oktoba 1555, aliwaita wakuu wa Nchi za Chini katika ukumbi wa jumba lake mjini Brussels. Alikuwa na miaka 55, lakini mwili ulikuwa wa mzee sana. Aliingia amevaa nguo nyeusi, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye bega la kijana wa miaka 22, William wa Orange. Akavaa miwani, akasoma kutoka kwenye karatasi. Akahesabu safari zake: Ujerumani mara tisa, Hispania sita, Italia saba, Nchi za Chini kumi, Ufaransa nne, Uingereza mbili, na Afrika mbili. Jumla 40. Akasema nguvu zimekwisha. Akakiri kwamba amekosea mara nyingi, akaomba msamaha kwa yeyote aliyemdhulumu. Ukumbi mzima ukalia, na yeye mwenyewe akalia.

Nikisoma habari hiyo nakumbuka Samweli akisimama mbele ya Israeli, akiwauliza ni nani amechukuliwa ng'ombe wake ama punda wake. Tofauti ni kwamba Samweli aliuliza akijua mikono yake ni safi. Charles aliomba msamaha akijua yake si safi. Lakini aliomba, hadharani, akiwa bado ana mamlaka ya kukataa kuomba. Ni viongozi wangapi tumewaona wakifanya hivyo?

Halafu mtoto wake, Philip, akatakiwa aseme neno kwa watu. Hakuweza kuzungumza Kifaransa vizuri, ikabidi askofu mmoja amsemee. Baba alikuwa ameingia Hispania bila lugha ya watu, sasa mtoto anapokea Nchi za Chini bila lugha ya watu. Kwa miaka 38 baba alikuwa na nafasi ya kumfundisha nafsi yake na nyumba yake jambo hilo. Na yule kijana William, aliyekuwa nguzo ya mzee siku ile, ndiye baadaye aliyeongoza watu wa nchi ile kumwasi Philip, vita vilivyokuja kumalizika mwaka 1648.

Mwanzo wa mwaka 1556 Charles akamwachia Philip Hispania pia. Kiti cha kaisari kikaenda kwa Ferdinand. Lakini pamoja na taji, Philip alipokea madeni. Mwaka 1557, mwaka mmoja tu baadaye, ilibidi serikali yake iwaambie wakopeshaji kwamba haiwezi kulipa.

Charles akaenda Yuste, nyumba ya watawa katika milima ya Extremadura, Hispania. Alijengewa nyumba ndogo iliyoshikana na kanisa, chumba chake cha kulala kikifunguka kuelekea madhabahu, ili hata akiwa kitandani aone ibada. Alikuwa na watumishi wapatao 50, na fundi wa saa, kwa maana alipenda sana saa. Chakula ndicho kilichomshinda. Daktari alikataza, msimamizi wa nyumba alilalamika, lakini mzee aliagiza samaki wa chumvi na bia kama kawaida, na mguu ukaendelea kuvimba. Mtu aliyetawala nusu ya Ulaya hakuweza kutawala sahani yake.

Ningependa kumalizia hapo, na mzee akisikiliza nyimbo kupitia mlango wa chumba chake. Lakini kuna mwezi wa Mei 1558. Habari zilimfikia kwamba mjini Valladolid kumepatikana kikundi cha Wahispania wanaokutana kwa siri na kuamini kama Luther. Yule mzee aliyesema nguvu zimekwisha akaandika barua kali kwa binti yake Juana, aliyekuwa anashikilia serikali, na kwa Philip, akitaka watu hao waadhibiwe haraka na bila huruma. Mwaka uliofuata wengi waliuawa hadharani. Mmoja wao alikuwa Agustín de Cazalla, mhubiri ambaye zamani alimhubiria Charles mwenyewe na kusafiri naye. Taji lilikuwa limemtoka kichwani, lakini mkono wake ulikuwa bado umeshika dhamiri za watu.

Mwezi wa Agosti 1558 akashikwa na homa. Wataalamu wa siku zetu walipima kipande cha kidole chake kilichohifadhiwa, wakaona alama za jongo, na pia vijidudu vya malaria. Ndiyo, malaria hii hii yetu. Alipokuwa anakata roho aliomba aletewe msalaba ule ule ambao mke wake alikuwa ameushika alipofariki. Askofu mkuu wa Toledo, Carranza, akauinua mbele ya macho yake, akamwambia amtazame aliyesulubiwa, kwamba yeye ndiye anayejibu kwa ajili ya wote, na kwamba dhambi imeshasamehewa. Charles alifariki alfajiri ya tarehe 21 Septemba 1558, akiwa na miaka 58.

Sasa sikia hili. Maneno hayo ya Carranza yalikuja kushtakiwa. Walisema yananuka Uluther, kwa sababu hayakutaja matendo mema wala watakatifu, bali msalaba peke yake. Mwaka 1559 Carranza alikamatwa na mahakama ya kanisa, akakaa kizuizini karibu miaka 17. Neno lile Charles alilolipiga vita tangu Worms ndilo lililomfikia kitandani, wakati hana jeshi, hana taji, hana kitu cha kumpa Mungu. Kama alilipokea moyoni, hilo ni la Bwana, si langu mimi kuhukumu. Lakini lilimfikia. Na hiyo ndiyo neema.

Tunajifunza nini?

Kwanza, cheo ni amana. Musa alipoambiwa hatavuka Yordani, hakuomba aongezewe muda. Aliomba Mungu aweke mtu juu ya mkutano, wasiwe kama kondoo wasio na mchungaji, kisha akamwekea Yoshua mikono mbele ya watu wote. Mimi nimesimama kwenye mazishi mengi ambapo jeneza halijashuka na watoto wanagombania shamba, kwa sababu mzee alikataa kusema neno akiwa hai. Baba, mama, sema neno. Andika. Gawa ukiwa na akili zako na sauti yako. Huo si uchuro, ni upendo.

Pili, usimwachie mtu kiti na madeni bila kumfundisha. Mweka hazina, kama wewe peke yako ndiye unayejua hesabu za kanisa, bado hujatumika vizuri. Kiongozi wa kwaya, kama ukisafiri hakuna wimbo, umejenga jina lako. Philip alipewa kila kitu isipokuwa lugha ya watu na hesabu safi.

Tatu, achia na mkono pia. Kuna wazee wetu waliostaafu uongozi, lakini kila Jumatatu wanampigia simu aliyewarithi kumwambia nani afukuzwe. Kuna wazazi waliompa kijana shamba, lakini hawezi kupanda hata mti bila ruhusa. Na zaidi ya yote, dhamiri ya mtu ni ya Mungu. Ombea, fundisha, onya kwa upole. Lakini imani haiingii kwa fimbo. Charles alikuwa na fimbo kubwa kuliko zote, na alikufa imani ile ikiwa imeenea.

Kwa vikundi vya nyumbani

1. Ni kitu gani nilichoshika ambacho Mungu ameshaniambia nimpe mwingine?
2. Kuna mtu ninayepaswa kumwomba msamaha kabla ya kuondoka kwenye nafasi yangu?
3. Nikiondoka leo, atakayekuja atakuta nini: hesabu safi ama madeni?

Tuombe: Bwana, tusamehe pale tulipokalia viti kama vyetu. Tupe moyo wa kufundisha wanaokuja nyuma yetu, ujasiri wa kuomba msamaha tukiwa hai, na mikono inayojua kuachia. Na siku ya mwisho, tusishike kitu kingine ila msalaba wa Yesu. Amina.